Ni koo tu

Wiki hii zamu ya kuandika imetuangukia sisi watatu tulioishi chumba kimoja Katwe tangu tutoke kambini. Tutaandika kwa "sisi" mpaka mwisho, juu kosa tunaloenda kueleza tulilifanya wote watatu, na hatutaki mmoja alibebe peke yake.

Wengi mnajua tulikuwa VHT kule kambini. Hatutataja ni kambi gani. Tulipewa fulana, buti, sanduku la dawa na mafunzo ya siku chache: malaria, kuharisha, nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ukipima damu kwenye kile kijiti na mstari wa pili ukatokea, unatoa dawa. Usipotokea, unaangalia kupumua. Mambo yalikuwa yanaeleweka na watu walikuwa wanatuita musawo, kitu ambacho, tuseme ukweli, tulikipenda.

Siku moja mama mmoja kutoka Kivu alituletea binti yake wa miaka tisa. Joto, koo linauma, kumeza mate ni shida, vitezi vya shingo vimevimba. Tukapima malaria, hakuna. Mtoto amepita miaka mitano, sanduku letu halina dawa yake. Tukaangaliana. Tukamwambia mama: ni koo tu, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, atapona. Na kweli alipona, siku ya nne alikuwa anaruka kamba na wenzake. Tukajiona wataalamu.

Kama wiki tatu hivi baadaye mama akarudi. "Hii goti inamuuma," akasema. Goti lilikuwa limevimba, lina moto ukiligusa. Kesho yake goti hilo limetulia, limeshika la pili. Halafu kiwiko. Halafu kifundo cha mkono. Ugonjwa ulikuwa unahama kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Majirani wakasema hiyo ni sumu, mtoto amekanyaga kitu. Wengine wakasema anakua, mifupa inavutika. Sisi tukasema pengine ameanguka akichota maji. Mama akanunua dawa za maumivu kwenye duka, mtoto akameza, na baada ya siku chache viungo vyote vikapoa. Hapo ndipo tulipodanganyika kabisa, juu dawa ya maumivu ilifanya kazi vizuri sana.

Ikapita karibu miaka miwili. Yule binti akaanza kubaki nyuma wakitoka shule. Jerikani ya lita kumi aliyokuwa anaibeba kichwani mpaka juu kilimani sasa anaiweka chini mara nne njiani. Usiku halali kitandani, anakaa ameegemea ukuta juu akilala chali anakosa pumzi. Mama alidhani ni pumu. Ni nesi mmoja mkongwe, aliyesomea Bukavu zamani, aliyemwekea kifaa kifuani akasikiliza muda mrefu, kisha akauliza kama mtoto aliwahi kuumwa viungo vinavyohama. Mama akatugeukia. Akatuangalia tu.

Yule nesi alituambia kuna daktari wa Ufaransa wa zamani, Lasègue, aliyeandika kwamba huu ugonjwa unalamba viungo lakini unauma moyo. Kwa Kifaransa alivyoitamka ilikuwa kama wimbo. Kwetu ilikuwa kama hukumu.

Rufaa ikaandikwa. Mama na binti wakapanda basi la alfajiri kutoka Mbarara, sisi tukiwa tayari tumehamia huku tukawapokea kwenye paki, tukapanda taksi ya Wandegeya, tukatembea hadi kilimani Mulago ambako ndiko ilipo Taasisi ya Moyo ya Uganda. Binti alipumzika mara tatu kwenye ule mlima. Mara ya tatu mmoja wetu akambeba mgongoni, na alikuwa mwepesi kuliko mtoto wa umri wake.

Alipigwa picha ya moyo, ile ya kupakwa mafuta ya baridi kifuani, anaonekana moyo wake mwenyewe kwenye skrini ukicheza. Alicheka kwanza. Daktari hakucheka. Alituonyesha mlango mmoja kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto, valvu ya mitral wanaiita, ambao haufungi vizuri. Damu iliyopaswa kwenda mbele inarudi nyuma. Kwenye skrini ilionekana kama moto wa rangi. Ugonjwa wa moyo wa rumatiki.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Sisi tulimuuliza yule daktari swali la kijinga: vijidudu viliingiaje kwenye moyo? Akasema havikuingia. Kwenye ule mlango ukiukata na kuuangalia hutakuta kijidudu hata kimoja. Aliyeharibu mlango ni mwili wa mtoto mwenyewe. Akachukua karatasi ya nyuma ya fomu akatuchorea.

Alivyotueleza, na tulivyosoma baadaye kwenye simu usiku mpaka bando likaisha, ni hivi. Koo nyingi zinasababishwa na virusi na zinaisha zenyewe, tusije tukatishana hapa. Lakini koo nyingine ni za bakteria anayeitwa streptokoki wa kundi A. Huyu ana kitu kwenye ngozi yake ya nje, protini M, ambayo kwa umbo inafanana na protini fulani za moyo wetu. Askari wa mwili wanafundishwa sura ya adui kooni. Kwa watoto wachache, wenye maumbile fulani ya kurithi na hasa walioumwa koo la namna hiyo tena na tena, wale askari wakiona moyo wanaona sura ile ile. Ni kama kule kwenye kizuizi cha barabarani nyumbani: askari ameambiwa anayemtafuta ana pua hii na urefu huu, anakamata kila mwenye pua hiyo. Wengine wetu tumepita kwenye vizuizi vile, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kufanana sura peke yake hakutoshi, ndipo daktari alipotushangaza. Askari mmoja akikosea ni tatizo dogo. Tatizo linakuwa kubwa kwa sababu ya ujumbe. Askari wa mwili hawana redio wala WhatsApp, wanatumiana kemikali ndogo ndogo zinazoitwa saitokini. Seli moja inatoa, ya jirani inapokea na kubadilisha tabia. Kuna za kusema njooni, kuna moto huku, leteni wengine. Kati ya hizo wanataja sana interferoni gama na TNF. Na kuna za kusema tulieni, yameisha, tengenezeni mlichobomoa, kama interlukini 4 na interlukini 10. Mwili mzima unaishi kwa kusawazisha hizo sauti mbili. Mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye foleni ya mgawo anajua: mmoja akipiga kelele kwamba chakula kinaisha, watu mia wanasukumana, na hata kama malori bado yamejaa, kelele yenyewe imeshavunja mikono ya watu. Mtu mwenye kipaza sauti akifika mapema akasema kaeni chini, vipo vya wote, hakuna anayeumia. Tofauti ni kama huyo mtu amefika au hajafika.

Kwenye moyo, watafiti wa São Paulo huko Brazil, kina Luiza Guilherme na Jorge Kalil, walichukua vipande vya mioyo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wakatazama ni ujumbe gani umejaa mle ndani. Waliandika mwaka 2004. Walikuta interferoni gama na TNF nyingi kwenye nyama ya moyo na kwenye milango pia, yaani kelele ilikuwepo kote. Lakini kwenye nyama ya moyo kulikuwa pia na seli nyingi zinazotoa interlukini 4, yule wa kusema tulieni. Kwenye milango zilikuwa chache mno. Kwa hiyo nyama ya moyo ikivimba, mara nyingi inapona. Mlango hauponi. Unaendelea kupokea njooni, njooni, miaka baada ya koo kupona, unaota mishipa midogo ya damu ambayo mlango wenye afya karibu hauna, unakuwa mnene, unashikana, unakuwa na kovu.

Tulisoma hiyo sehemu mara mbili. Mtoto mmoja, damu moja, askari wale wale, lakini sehemu moja ya mwili inapona na nyingine inaharibika kwa sababu ya ujumbe uliokosekana mahali pale. Sisi tulidhani ugonjwa ni ugonjwa, uko kwenye damu basi umemaliza. Kumbe mahali una maana.

Na hapa kuna kitu kimoja cha kutuuma. Zile dawa za maumivu za dukani zinatuliza viungo na joto kweli. Lakini mpaka leo dawa za kupunguza uvimbe hazijathibitishwa kwamba zinaokoa milango ya moyo. Kwa hiyo magoti yalipopoa sisi tulisikia yameisha, na kwenye moyo kelele ilikuwa inaendelea.

Mmoja wetu alimuuliza daktari kama hakuna dawa ya kuziba hiyo TNF. Ipo. Miaka ya tisini huko London Marc Feldmann na Ravinder Maini walionyesha kwamba ukizuia TNF kwa wagonjwa wa baridi yabisi, viungo vyao vinapata nafuu kubwa, na tangu hapo imekuwa kundi zima la dawa. Ni dawa za bei, na hazikutengenezwa kwa ajili ya mlango wa moyo wa mtoto wa Kivu. Kwake yeye, daktari alisema, tunatumia kitu cha zamani na cha bei ndogo: sindano ya benzathini penisilini kila wiki nne. Sindano hiyo haigusi saitokini. Haitengenezi mlango ulioharibika. Inamzuia tu yule bakteria asirudi kooni, juu kila akirudi anawaamsha askari upya na kelele inaanza tena pale pale palipo na kovu.

Tulidhani ni maneno ya kutufariji mpaka tuliposoma utafiti wa huku huku Uganda. Kule Gulu na maeneo ya kaskazini timu ya Taasisi ya Moyo, akiwemo Dakta Emmy Okello, pamoja na Andrea Beaton wa Marekani, walipima mioyo ya watoto zaidi ya laki moja kwa ile mashine ya picha. Wakapata waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa, ambao wenyewe hawakujua kama wanaumwa. Watoto 818 wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu sindano kila wiki nne, nusu bila sindano lakini wanafuatiliwa. Baada ya miaka 2, waliochomwa na bado moyo ukaharibika zaidi walikuwa 3. Wasiochomwa walikuwa 33. Yalitangazwa mwezi wa 11 mwaka 2021. Hakuna haja ya kuwa umesoma hesabu mbali sana ili kuelewa hiyo.

Na msifikiri ni jambo la kaskazini tu. Hapa hapa Kampala waliwahi kupima wanafunzi 4,869 wa shule za msingi, matokeo yakachapishwa 2012. Kwa kusikiliza kifua peke yake walishika 23. Kwa picha ya moyo, 72. Na watoto wa familia za hali ya chini walikuwa nao zaidi. Hiyo haikutushangaza hata kidogo. Koo hili linasafiri kwa kikohozi na kwa pumzi ya karibu, na tunajua tunavyolala. Chumba chetu Katwe ni hatua nne kwa tatu, na tuko watatu tu. Chumba cha jirani wanalala saba, magodoro mawili, dirisha limezibwa kwa mbao juu ya wezi. Kambini nako hema moja lilikuwa na watu wa familia mbili mvua zikinyesha. Mtoto mmoja akipata koo, wiki ya pili ni nyumba nzima.

Kuna anayesoma hapa kutoka kaskazini atatuuliza juu ya ugonjwa wa kutikisa kichwa uliokuwa unashika watoto Kitgum na Pader enzi watu wamejazana kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Kweli, mwaka 2017 kuna wanasayansi walipendekeza kwamba ule nao unaweza kuwa wa mwili kujishambulia, baada ya minyoo ya usubi, kwa sababu protini ya mnyoo inafanana na ya ubongo. Mjadala haujafungwa. Tunautaja tu kwa sababu tulipousoma tulikaa kimya kidogo: tena watoto, tena kambi.

Turudi kwa binti. Sindano ile inauma, tusidanganyane. Ni dawa nzito kama maziwa ya unga yaliyokorogwa vibaya, inaingia kwenye nyama ya tako, na anachechemea siku nzima. Mara ya kwanza alilia mpaka mama akatoka nje. Mara ya pili nesi aliuliza mnataka nichanganye na dawa ya ganzi kidogo, tukasema ndiyo haraka sana, hatukujua kama hiyo inawezekana. Ikapungua maumivu. Kama mna mtoto kwenye sindano hizi, ulizeni hilo.

Shida kubwa si maumivu, ni hesabu ya siku. Wiki nne ni siku 28, si "mwisho wa mwezi". Sisi tulikosea mwezi wa tatu, tukahesabu kwa tarehe, akachelewa siku tano. Kituo kimoja tulichokwenda dawa haikuwepo. Kingine dawa ipo lakini aliyekuwepo zamu ile anaogopa kuichoma, alisikia mtu alianguka. Tukazunguka na boda boda siku nzima na nauli ya vitumbua vya mama ikaishia barabarani. Mama anauza vitenge akitembea nao mikononi kutoka Nsambya hadi katikati ya mji, siku asiyouza hakuna posho. Huku Kampala hakuna mgawo, mnajua, ukitoka kambini umesema utajitegemea.

Kwa hiyo nyinyi wa mashirika, mtusamehe tunasema wazi: msituletee semina nyingine ya kunawa mikono kabla hamjatuambia nani analipa nauli mara 13 kwa mwaka, kwa miaka mingi, mpaka mtoto awe mtu mzima. Na VHT wafundishwe jambo moja la dakika tano: mtoto wa miaka mitano hadi kumi na tano, koo lenye joto na vitezi, bila mafua wala kikohozi, apelekwe akaonwe na mtu mwenye penisilini. Viungo vinavyohama, apelekwe siku hiyo hiyo hata kama vimepoa. Hayo yangetosha kwetu. Sanduku letu lilikuwa na nafasi ya karatasi moja zaidi.

Na nyinyi dada zetu mliokuwa na historia ya viungo kuhama utotoni, na sasa mnakosa pumzi mkipanda ngazi, nendeni mpime kabla ya kubeba mimba. Mimba inaongeza damu ambayo moyo unapaswa kuisukuma, na mlango mwembamba hauwezi. Wanawake wengine wanajua wana ugonjwa huu siku ya kujifungua.

Tulimwomba mama msamaha. Haikuwa kama kwenye filamu. Tulimfuata jioni akiwa anakunja vitenge, tukamwambia: Mama, siku ile tulisema ni koo tu, hatukujua, lakini tulisema kama tunajua. Akaendelea kukunja. Akasema, "Nyie mulikuwa batoto pia." Kisha akatuuliza kama tumekula. Hatujui mpaka leo kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana. Tulikula.

Daktari amesema mlango bado haujafika pa kuhitaji upasuaji, wanaangalia kila baada ya miezi kadhaa. Anameza dawa ya kukojoa asubuhi ili maji yasijae mapafuni. Analala amelazwa kwenye mito miwili sasa, si kwenye ukuta. Shule karibu na kwao wamekubali akae darasa la chini ya ghorofa, mwalimu wake alielewa haraka kuliko sisi tulivyoelewa.

Binti mwenyewe ndiye anayeshika kalenda. Ni ile ya kampuni ya simu, ya mwaka uliopita, tarehe amezisahihisha kwa kalamu nyekundu. Alituambia hatuaminiki kwenye hesabu. Amechora duara kwenye kila siku ya 28, na pembeni ya kila duara ameandika jina la yule kati yetu mwenye zamu ya kumsindikiza. Ijayo ni Alhamisi.